Bendi ya shule ya upili Eastlands: stoo imepangwa, besi inapwaya

Shule hii ya kutwa haina kofia za manyoya wala sare za kumeremeta, kwa hivyo mzazi anayepima bendi kwa gwaride ataipita bila kuitazama. Aanzie stoo. Kila ala imechongwa namba, si kubandikwa stika, na daftari linaonyesha aliyeichukua, tarehe, na kasoro iliyokuwepo siku hiyo. Ufunguo mmoja uko kwa mwalimu, wa pili kwa kiranja wa bendi. Hapa ndipo bendi nyingi za shule huanza kufa: mdomo wa tarumbeta, kipande kinachochomolewa cha kupulizia, unapotea, ala inabaki bomba tu, na mwanafunzi anahamishiwa ngoma asizozitaka.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10:15 jioni, kila kundi mahali pake. Jumamosi wote wanakutana. Mpangilio huu una maana. Midomo ya anayejifunza tarumbeta huchoka upesi, na akikalishwa kwa muda wa saa mbili akingoja ngoma zipatane, ataanza kuibana ala menoni ili sauti itoke. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi ya muhula mzima.

Nota ndizo zilizotupendeza zaidi. Kila ala ina karatasi yake. Nota moja haitoi sauti moja kwa ala zote: tarumbeta ikisoma C, inayosikika ni B-flati. Saksafoni ya alto ikisoma C hiyohiyo, inatoka E-flati. Anayefanya fotokopi ya karatasi moja na kuigawa kwa wote atapata vurugu, kisha awalaumu watoto kwamba hawana sikio. Hapa wimbo wa B-flati unaandikwa C kwa tarumbeta na klarineti, G kwa alto, na tromboni inaachiwa B-flati yake.

Matunzo ni mazuri, ila kwenye denti, yaani pale ala inapobonyea. Vali, vile vibonyezo vya tarumbeta, hutiwa mafuta yake matone 3 au 4; mafuta ya kupikia ni marufuku, maana hugeuka gundi. Vali zikitolewa zinarudishwa kwa namba zake, 1, 2, 3, kwa sababu ikikaa tundu lisilo lake hewa haipiti na mtoto hudhani ala imekufa. Kila mwezi tarumbeta huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji yanayochemka huvua rangi. Klarineti zote ni za plastiki, uamuzi wa busara. Za mpingo zina sauti tamu, lakini mbao hupasuka ikipulizwa pumzi ya moto asubuhi ya baridi ya Julai. Ridi za wanaoanza, vile vipande vyembamba vinavyotetemeka mdomoni mwa klarineti, ni namba 2, na kila mmoja ana zake 3 za kuzungusha.

Tatizo la denti ni kwamba ala hupelekwa kwa fundi anayelehemu masufuria. Shaba ya tarumbeta ni nyembamba. Denti hutolewa kwa kusukuma kutoka ndani, na maungio hushikwa kwa risasi laini. Moto wa gesi ya kuchomelea huyavuruga. Mdomo ulionasa nao haung'olewi kwa koleo.

Kisha besi. Tarumbeta zimejaa, lakini sauti ya chini imeachiwa yufoniamu moja, ala ya shaba yenye sauti nzito kuliko tarumbeta, na mpigaji wake ni mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Akiondoka Novemba, bendi itabaki juu juu kama nyumba isiyo na msingi. Jeshi la Wokovu lilishapata dawa: katika bendi zake karibu ala zote za shaba huandikiwa ufunguo wa G, alama ileile ya mwanzo wa mistari ya nota inayotumiwa na tarumbeta, hivyo mpiga tarumbeta huhamia besi kwa vidole vilevile. Shule ingewahamisha wawili katika mwaka wao wa pili, wakati bado wana muda.

Kuhusu faida, wasiwasi wa wazazi kwamba bendi inakula muda wa alama unapungua sasa. Gredi ya 10 ya mtaala mpya ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa hivyo kusoma nota si mchezo wa baada ya masomo tena. Na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huwapa watoto hukumu ya watu wasiowajua, ambayo ni dawa chungu lakini ya kweli. Mwalimu anapaswa tu kuacha kufundisha nyimbo za tamasha peke yake muhula mzima wa pili. Wanaoanza hukariri vidole bila kusoma nota.

Mzazi asinunue ala kabla mtoto hajajaribu midomo ya ala kadhaa. Mwenye mikono mifupi haifikii nafasi ya 7 ya tromboni, pale bomba lake la kuvuta linapofika mbali zaidi, na mwenye waya za meno huumia kwa tarumbeta. Akishachagua, nunua mdomo wake binafsi, chupa ya mafuta ya vali na kitambaa cha kufutia. Ala yenyewe shule itatoa kwa saini ya mzazi.