Shelta tuliyompeleka mdogo wangu: nyota nne, na ile moja niliyonyima nitaeleza

Nimechelewa kuandika hii na naomba msamaha kwa wale niliowaahidi. Mimi nina meza ya mobail mani huku boda, upande wa Uganda, na haupiti mwezi bila mama mmoja kuja anatoa hela kidogo, anasubiri watu wapungue alafu ananiuliza kwa sauti ya chini, dada, ile nyumba ya kuwaficha wamama wanaopigwa, mlimpeleka mdogo wako, iko wapi. Sasa nimeona niandike yote mara moja, na wengine mlio mbali na mimi muisome.

Jina la nyumba sitaandika na mji sitautaja. Geti lao halina bango, majirani wengine wanafikiri ni hosteli, na inatakiwa ibaki hivyo kwa sababu kuna mabwana wanaozunguka wakitafuta. Wewe ukihitaji huna haja ya jina, nitaeleza vile watu wanafika.

Mdogo wangu ameolewa mwaka wa saba huu, watoto wawili, bwana yake anafanya kazi na malori. Kumpiga hakuanza juzi. Usiku huo alimpiga na mshipi upande ule wa chuma, akatoka pekupeku, mdogo mgongoni, mkubwa ameshika leso ya mama yake, wakatembea mpaka kwangu ikawa saa nane usiku. Mkubwa alikuwa amevaa viatu vya shule, sijui alivivaa saa ngapi katika fujo ile.

Asubuhi tukaanza na chairman wa LC1, yaani baraza la kijiji, kama kila mtu anavyoanza. Yule mzee si mtu mbaya, alitupa viti, alimwita shemeji, akasikiliza. Alafu akasema yale yale ya mara mbili zilizopita, haya ni mambo ya ndani, kila nyumba ina yake, mwanaume aombe msamaha na mama arudi akapike. Mimi nilikuwa nimekaa pale naona jicho la mdogo wangu limefunga. Ni kweli kila nyumba ina yake, utafiti wa serikali wa afya wa 2016 ulikuta wanawake 51 kwa kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15, lakini hesabu hio ndio ingetufanya tushtuke, sio tuzoee. Na kitu nilichojifunza baadaye, nikaumia sana kwamba sikukijua siku ile: Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 inaruhusu korti ya LC isikilize kesi kama hizi, sawa, lakini kama mtu amerudia kosa au inaonekana ataumiza tena, korti inatakiwa iandike barua na kupeleka kesi polisi na kwa hakimu. Hii yetu ilikuwa mara ya tatu. Ilitakiwa itoke pale na barua, sio na msamaha.

Kituo cha kwanza cha polisi tuliambiwa gari halina mafuta, tulete elfu 30 ndio waende kumshika. Nilitoa elfu 20 nilizokuwa nazo. Hakuna aliyeenda. Hapo mdogo wangu aliniambia dada turudi tu, na ukweli na mimi nilikuwa karibu kukubali. Kama uko hapo sasa hivi unasoma hii, usirudi, kituo kimoja kikikuangusha panda taksi uende kingine kikubwa, ukifika usisimame kaunta kueleza mbele ya watu, uliza ofisi ya familia na watoto. Sisi tulimkuta afande mama, akafunga mlango, akamuuliza unataka tuongee lugha gani. Kiswahili. Akaandika maelezo yote kwa subira, akampa fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo dokta anaandika majeraha, na fomu hio ni ya bure, akuombaye hela ya PF3 anakuibia. Kwa aliyebakwa kuna nyingine inaitwa PF3A, na huyo asisubiri fomu yoyote, hospitali kwanza, usioge kama unaweza kuvumilia, nguo ulizovaa usizifue, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inabidi ianzwe ndani ya masaa 72 na kila saa inayopita inakula kwako.

Hospitali tulikaa tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Lakini yule dokta alipokuja alichukua rula, rula ya kawaida ya mwanafunzi, akapima kila alama mgongoni, urefu na upana, akawa anasema kwa sauti na sista anaandika. Alama zilikuwa kumi na moja. Mdogo wangu alikuwa analia, sio kwa maumivu, aliniambia baadaye, ni kwamba kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuangalia mgongo wake na kuhesabu. Karatasi ile ndio iliyosimama mbele ya hakimu, kwa hio usisubiri alama zipone ndio uende.

Jioni afande mama akaandika barua akapiga simu, gari likaja kutuchukua. Hivyo ndio watu wanafika kwenye nyumba hizi: ofisi ya familia pale polisi, au ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya, au piga 116, laini ya Sauti, haina malipo, ilianza kama laini ya watoto lakini na mama aliyepigwa wanampokea. Jina lenyewe ni neno letu kwa hio halisahauliki. Kwa wale wakimbizi, ndugu zetu wa Kongo mlio Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja au Kampala, kuna 0800323232, nayo ni bure na Kiswahili kinaongewa.

Sasa nyumba yenyewe. Tulifika giza limeingia na matroni hakuuliza swali hata moja. Nimekaa nikifikiria kitu hiki mara nyingi, kwa sababu siku nzima ile mdogo wangu alikuwa ameeleza habari yake kwa watu watano, kila mmoja anaanza mwanzo. Matroni alimwangalia miguu tu, akaenda ndani akarudi na sandali za plastiki, beseni, sabuni kipande, maji ya moto. Watoto wakapewa uji. Akasema oga mama, ulale, maneno yapo hata kesho. Mimi niliruhusiwa kukaa saa moja alafu nikaambiwa niende na nisimwambie mtu, hata mama yetu. Simu ya mdogo wangu ikazimwa ikawekwa ofisini. Hio ilinikasirisha siku ile, leo naielewa, shemeji alipiga namba ile mara nyingi sana wiki ya kwanza, na alikuwa na rafiki anayejua kumtafuta mtu kwa simu.

Chumba kina vitanda vinne na neti nzima zisizotoboka. Chakula posho (ugali) na maharagwe, mara mbili kwa wiki samaki, wali Jumapili. Usafi safi kabisa. Wamama wanapokezana kupika na hakuna anayelazimishwa akiwa bado anaumwa. Mule ndani kulikuwa na Mjapadhola, Msamia wawili, Mkaramoja mmoja, mama mmoja wa Kongo na mtoto mchanga, na kilichowaunganisha ni Kiswahili, hata yule Mkaramoja ambaye alikuja anajua maneno machache aliondoka anapiga hadithi.

Yule mkubwa wa mdogo wangu, ana miaka sita, alikuwa analala na viatu. Mama akimvua anavivaa tena. Kaunsela, yule mshauri wa pale, alisema muache. Siku ya tisa alivivua mwenyewe akaviweka chini ya kitanda, na mdogo wangu aliponipigia simu kwa simu ya ofisi hakuniambia kitu kingine, aliniambia hicho tu.

Kaunsela ndiye sababu ya nyota tatu kati ya nne. Alinunua daftari la mistari, kila siku wanakaa pamoja na mdogo wangu anakumbuka: mara ya kwanza ilikuwa lini, mtoto alikuwa na miezi mingapi, nani alisikia, ulienda kliniki gani. Polepole tu. Likawa daftari lenye tarehe. Alimweleza kwamba kunyang'anywa hela ya biashara na kutukanwa kila siku navyo viko ndani ya sheria ile ile ya 2010, sio ngumi tu, na mdogo wangu alishangaa, miaka yote alikuwa anafikiri kesi ni damu.

Baba yetu mdogo aliposikia, akaja juu. Wasiwasi wake ulikuwa ng'ombe. Sita zilitolewa, nne zimeshauzwa, na shemeji ametuma ujumbe kwamba mke asiporudi ng'ombe zirudi. Kaunsela alikutana naye kwenye ofisi ya mjini, sio kule kwenye nyumba, na hakumgombeza. Alimpa chai akamwambia mzee, hilo la kurudisha mahari mwanamke akiondoka, Mahakama ya Juu ya Uganda ilishalikataa mwaka 2015, inapingana na katiba, na waliopeleka kesi ni watu wa hapa hapa mashariki, shirika la MIFUMI la Tororo. Baba mdogo akanyamaza. Akaomba arudiwe mwaka, akaomba kalamu, akauandika kwenye kiganja cha mkono. Tangu siku hio hajataja ng'ombe.

Kortini kwa hakimu kaunsela alienda naye, alikaa naye kwenye benchi tangu asubuhi. Waliomba amri ya ulinzi, kwamba bwana asimkaribie wala asije kwangu, na akiivunja ni kosa lenye kifungo mpaka miaka 2. Hakuna wakili tuliyemlipa. (Anayehitaji wakili, FIDA Uganda ni wanasheria wanawake, wapo tangu 1974 na wanasaidia wamama wasio na uwezo bila malipo.) Amri ikatoka imeandikwa Kiingereza kitupu. Hili naomba wakubwa wasikie: Kiswahili kimeandikwa ndani ya katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mama wa boda bado anapewa karatasi ya kumlinda ambayo hawezi kuisoma. Kaunsela alikaa naye kwenye ngazi za korti akamsomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili, alafu akamwambia sasa nieleze wewe. Akarudia mpaka akaweza. Siku bwana alipokuja kusimama barabarani mbele ya meza yangu, mdogo wangu alimwambia umbali alioandikiwa na hakimu, kwa mdomo wake, na yule mtu akaondoka.

Nyota niliyonyima. Muda wa kukaa ukiisha, umeisha. Mdogo wangu alikaa wiki sita, wakamrudisha na nauli, kilo tano za posho, sabuni na mkumbatio wa nguvu. Alijifunza cherehani kule, ndio, lakini cherehani hakutoka nayo. Kodi ya chumba hakuna, mtaji hakuna. Amekuja kwangu, tuko watu saba chumba na sebule, na mimi ni dada yake, vipi ambaye hana dada? Mmoja wa wale wamama wa chumba chao alirudi kwa bwana wiki mbili baada ya kutoka, alimwambia mdogo wangu wazi kwamba amerudia kodi, hakurudia mapenzi. Nalala nikimfikiria mama yule. Anayetoa msaada kwa nyumba hizi, ongezeni hapo, miezi mitatu ya kodi na cherehani ya kukopa, mtakuwa mmemaliza kazi mliyoianza vizuri sana. Na kingine, kijana wa kiume wa miaka kumi na nne walikataa kumpokea pamoja na mama yake, ilibidi apelekwe kwa shangazi. Sababu yao naielewa, lakini mama yule alikuwa hapati usingizi.

Ningependa pia chairman wetu apate mafunzo. Kuna mpango unaitwa SASA!, umefanywa Kampala na mashirika ya Raising Voices na CEDOVIP, wanafundisha majirani na viongozi wa mtaa wenyewe, na ulipopimwa pale Rubaga na Makindye, mitaa iliyofundishwa kupigwa na mwenzi kulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko mitaa ambayo haikupata. Mzee wetu anasikiliza watu, angefaa sana.

Jambo dogo la kumalizia, tulifundishwa kule. Amri ya korti usikae nayo moja. Tulitoa fotokopi, shilingi 500 kila moja. Moja iko polisi, moja kwa chairman, aliipokea kwa mikono miwili akaiweka kwenye faili lake. Moja iko shule ya mtoto kwa mwalimu mkuu. Ya mdogo wangu iko ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, kwenye mkoba wake, na kila asubuhi kabla hatujafungua meza naona anaigusa kidogo kuhakikisha ipo.