Keir Hardie na David Shackleton: nani aliwafaa zaidi wafanyakazi bungeni?

Mwaka 1906 Chama cha Labour kilipata viti 29 katika Bunge la Uingereza. Wawili waligombea kuwaongoza wabunge hao: Hardie, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 10, na Shackleton, mfumaji wa Lancashire. Hardie alishinda kwa kura moja tu.

Hardie alikuwa sauti. Aliwatetea wasio na kazi, na akadai wanawake wapige kura hata ilipomgombanisha na wenzake. Kuendesha vikao hakukuwa fani yake. 1908 aliuacha uongozi.

Shackleton alijua sheria inavyotungwa. Baada ya kesi ya 1901 ya Taff Vale, kampuni ya reli iliyokishtaki chama cha wafanyakazi wake, chama cha wafanyakazi wa reli kilitozwa fidia ya pauni 23,000 kwa sababu ya mgomo. Yeye alikuwa mstari wa mbele kupigania sheria ya 1906 iliyovikinga vyama vya wafanyakazi dhidi ya madai ya namna hiyo. Kwa mtu anayegoma akiwa na watoto wa kulisha, kinga hiyo ina uzito kuliko hotuba kumi.

Kura yangu ningempa Shackleton, ingawa inaniuma kwamba 1910 aliacha ubunge akaajiriwa serikalini. Hardie alibaki mbunge wa Merthyr Tydfil hadi alipofariki 1915.