Koti Limetangulia na Sanduku: Tathmini ya Siku ya Kupanda Meli ya Alaska

Mimi ni karani mstaafu wa bandari. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya hapa Tanga, nikihesabu marobota ya mkonge yaliyopakiwa kwenye matishari na kuvutwa hadi kwenye meli kubwa zilizotia nanga mbali na gati, kwa kuwa enzi hizo kina cha maji hakikuziruhusu kusogea. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini kwenyewe, lakini jicho la karani halistaafu. Binti yetu anayeishi Burnaby, jirani na Vancouver, alipotualika mimi na mama yake katika safari ya siku saba ya meli ya kitalii kwenda Alaska, mwezi Mei, nilijikuta naikagua ile siku ya kwanza kana kwamba nimetumwa na mkuu wangu wa kazi. Hapa naitathmini siku hiyo moja tu, tangu mlangoni mwa kituo cha abiria hadi meli ilipotoka bandarini. Kampuni yenyewe siitaji jina, kwa kuwa niliyoyaona yawezekana yakawa ya siku ile tu.

Kuhusu hati nitasema machache. Safari huanzia Canada, ila Alaska ni jimbo la Marekani, na kwa hiyo Mtanzania anahitaji viza mbili, ya Canada na ya Marekani, zote zikiwa mkononi kabla ya siku ya kupanda. Maelezo tuliyotumiwa na kampuni yaliligusa jambo hili kwa sentensi moja, chini kabisa, baada ya aya nzima juu ya mavazi ya chakula cha jioni. Asiyekuwa nazo huachwa gatini na meli haimngoji, kwa hiyo mtu wa huku aanze kuzishughulikia miezi mingi kabla.

Kituo chenyewe huitwa Canada Place. Kilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1986, na juu ya paa lake yamesimamishwa matanga matano meupe, makubwa, yanayoonekana kutoka mbali. Nasema matanga ya chombo, si ya msiba. Mke wangu alipoyaona alicheka akasema, "Baba, kumbe tumezunguka dunia nzima kuja Tanga." Kufika si taabu, kwa sababu treni ya mjini husimama kituo cha Waterfront, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hata kwa mwenye sanduku la magurudumu.

Kila abiria hupangiwa saa yake ya kufika, nasi tulipewa saa sita na nusu mchana. Sababu ya mpango huo ni kwamba meli ile ile iliyotusubiri ilikuwa imefunga gati alfajiri ikiwa na abiria wengine waliomaliza safari, na kati ya asubuhi na jioni ilipaswa kuwashusha hao wote na mizigo yao, kusafisha kila chumba, kubadilisha mashuka, kupakia chakula cha wiki nzima, kisha kutupokea sisi na kung'oa nanga saa kumi na nusu jioni. Kwa mtu aliyezoea kuona meli ikikaa siku kadhaa ikingoja zamu, kazi hiyo ilinipa heshima kubwa kwa wapakizi wa pale. Nilisimama dirishani dakika nyingi kuliko alivyopenda binti yangu, nikitazama forklifti zikiingiza masanduku ya mboga na mayai kwenye mlango wa ubavuni, moja inatoka, moja inaingia, bila kelele na bila mtu kukimbia.

Mizigo ndiyo niliyoikagua zaidi. Siku chache kabla, kampuni hutuma vitambulisho vya kuchapisha nyumbani, vyenye jina la abiria, nambari ya chumba na rangi ya sitaha, na mwenye mzigo huvikunja na kuvifunga kwenye mpini wa sanduku. Mlangoni makuli huyapokea masanduku, yakapita kwenye mashine ya ukaguzi, kisha yakapangwa ndani ya vizimba vya chuma vyenye magurudumu, kila kizimba kwa sitaha yake, hata yakifika melini yanasukumwa moja kwa moja hadi ukumbi wa vyumba husika. Mpango huu ni wa kitaalamu, na unamwezesha mzee kupanda akiwa na mkoba tu. Hata hivyo kuna jambo lililonisumbua: hatukupewa stakabadhi. Masanduku mawili yalichukuliwa na kijana mwenye tabasamu zuri, akasema tutayakuta chumbani, na ikawa ndiyo basi. Nilimwuliza binti yangu karatasi yetu iko wapi, akanijibu, "Baba, hapa hawatoi." Shehena isiyo na karatasi sijapata kuizoea hata leo.

Baada ya hapo ikaja foleni, na hapa ndipo kampuni ilipopoteza alama zangu nyingi. Foleni zenyewe ni tatu zinazofuatana: ya ukaguzi wa usalama, ya maofisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani, ambao hufanya kazi yao hapo hapo Vancouver ili abiria asikaguliwe tena akifika Alaska, na ya kampuni yenyewe kwa ajili ya picha na kadi. Mbele ya maofisa hatukuchelewa sana. Walichukua alama za vidole, wakauliza tunakwenda wapi na tutarudi lini, wakatuachilia. Kilichotuchosha ni foleni ya kampuni. Waliopangiwa saa nane walikuwa wamekwisha kuja saa tano na wakapokelewa, kwa kuwa hakuna aliyeangalia saa iliyoandikwa kwenye karatasi zao, na sisi tuliotii tukajikuta nyuma yao. Tulisimama zaidi ya saa moja na nusu pasipo kiti. Mke wangu ana magoti mabovu, na kiti cha magurudumu kilipatikana mara moja tulipokiomba, ila hapakuwa na bango wala mtu wa kutuambia kwamba kinaweza kuombwa. Mwenye mzazi mtu mzima asione haya kuuliza tangu mlangoni.

Ndani ya meli mambo yalikwenda vizuri. Kadi moja hufungua chumba, hununua vitu na hutumika kama kitambulisho cha kutokea na kuingilia. Chumba kilikuwa kidogo na safi sana. Chakula cha mchana ni cha kujipakulia, na asiyekula nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wetu hatalala njaa, kwa sababu samaki aina ya samoni alikuwapo wa kila namna; wali tu ndio uliotuhuzunisha, maana haukuonja hata harufu ya nazi. Kero ilikuwa ni wachuuzi. Kati ya lifti na ukumbi wa chakula palikuwa na meza tatu za wafanyakazi waliotaka kutuuzia vifurushi vya vinywaji, kusingwa mwili na picha, nao hawakuwa na haraka ya kukubali neno hapana. Mtu ameshalipa nauli nzito. Angeachiwa angalau amalize sahani yake.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni zoezi la usalama. Sisi wa pwani hii tunaosafiri kwenda Pemba hatujaisahau Septemba ya 2011, ilipozama Spice Islander I, na kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kulaumu. Sikupata la kulaumu. Abiria hutazama kwanza maelezo kwenye televisheni ya chumbani, husikia ishara yenyewe, ambayo ni honi saba fupi zikifuatwa na moja ndefu, kisha huenda kwa miguu yake hadi kituo chake cha kukusanyikia, ambako mfanyakazi huisoma kadi yake na kumwonyesha jinsi ya kufunga jaketi okozi. Jina lako lisiposomwa, hutafutwa hadi chumbani. Ukali huu una historia. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, na watu 32 wakapoteza maisha, abiria waliokuwa wamepanda siku ile ile walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu mwaka 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Hapo kituoni tulikuta jambo ambalo hatukulitazamia. Wafanyakazi huvaa beji yenye jina na nchi, na binti aliyesoma kadi zetu alikuwa ameandikwa Kenya. Aliitazama leso aliyojitanda mke wangu, akaisoma maandishi yake kimyakimya, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi?"

"Mombasa, mzee, Likoni. Na nyinyi?"

"Tanga."

"Basi tu majirani!" Akalifunga jaketi kifuani mwa mke wangu polepole, akamwelekeza kila kamba kwa Kiswahili, kisha akamnong'oneza, "Mama, ukipanda juu, vaa koti. Upepo wa huko si wa Nyali."

Ushauri huo ulikuwa bora kuliko karatasi zote za kampuni, nao ulikuja tumeshachelewa. Makoti yetu yalikuwa ndani ya masanduku, na masanduku yalikuwa ndani ya vizimba, mahali ambapo hakuna abiria anayefika. Hili ndilo kosa kubwa nililoliona katika mpango mzima: safari ni ya baridi, maelezo ya kampuni yanakuhimiza ulete nguo za sufu, glavu na kofia, kisha utaratibu wa mizigo unakunyang'anya vyote saa chache kabla ya kupanda sitahani, bila onyo hata la mstari mmoja kwamba koti lisitiwe sandukuni. Anayeishi Canada huenda halihitaji onyo hilo, kwa kuwa hutoka nyumbani amelivaa. Sisi tulitoka kwa treni yenye joto tukaingia kwenye jengo lenye joto, tukijisifu kwamba Mei yao ni kama Lushoto ya Julai tu.

Meli iliondoka saa kumi na nusu kamili. Tulipanda sitaha ya juu, mimi nikiwa na sweta nililolinunua mitumba ya Ngamiani, mke wangu na baibui lake na leso mbili. Wakati meli inajigeuza taratibu mbele ya matanga yale meupe, baridi ilivumilika. Mbele yetu lilikuwa daraja la Lions Gate, lililofunguliwa mwaka 1938, ambalo limeinuliwa mita 61 juu ya maji, na ukilitazama kutoka sitahani utaapa kwamba bomba la moshi litalikwangua. Abiria wote walinyamaza wakatazama juu. Daraja likaja, likapita juu ya vichwa vyetu na ngurumo ya magari yake, nikauona upande wa chini wa vyuma vyake waziwazi, hata misumari yake mikubwa. Watu wakashangilia. Kwa dakika zile peke yake ningelipa nauli tena.

Kisha tukatoka kwenye ghuba, ambako meli za shehena zilikuwa zimetia nanga zikingoja zamu yao, nami nikaanza kuzihesabu kwa mazoea. Sikuzimaliza. Meli ikashika mwendo, na meli inayokwenda kilomita 30 na ushei kwa saa hujitengenezea upepo wake hata kama hewa imetulia. Ule haukuwa ubaridi wa Lushoto, unaokaa mahali pamoja ukakungoja uote moto; uliingia mikononi kupitia mashimo ya sweta na kutokea mgongoni. Mke wangu alinishika mkono, vidole vyake vikiwa vigumu kama vijiti. Milima yenye theluji ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufunguka upande wa kulia, na jua la Mei kule huchelewa sana, magharibi iliingia karibu saa tatu kasorobo usiku, maana yake tulikuwa na saa nyingine nne za kutazama. Sisi tuliteremka chini, tukayatazama yaliyobaki kupitia dirisha lenye ukungu wa pumzi zetu.

Kwa hiyo mtu wa Tanga au Pangani atakayeijaribu safari hii namshauri achukue mkoba wa mgongoni na kuutia, pamoja na pasipoti, dawa na miwani, koti lisilopitisha upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu na soksi nzito, hata kama mlangoni atatokwa jasho na kuchekwa. Siku nzima naipa alama saba kati ya kumi: mizigo na usalama vimeibeba, foleni na ule ukimya juu ya makoti vimeishusha.

Masanduku yetu yalifika mlangoni saa mbili kasorobo usiku, yote mawili, bila mkwaruzo, na nikakiri moyoni kwamba stakabadhi haikuhitajika. Mke wangu alilifungua lake kitandani. Koti lilikuwa juu kabisa ya nguo zote, amelikunja vizuri, kwa sababu tulipokuwa tukipanga vitu Burnaby alisema ndilo litakalohitajika kwanza.