Rudolph wa 1964 au ndugu wawili wa 1974?

Kampuni ya Rankin/Bass ya Marekani ilitengeneza filamu nyingi za Krismasi za vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Mashabiki wengi hubishania mbili.

Rudolph the Red-Nosed Reindeer, hadithi ya kulungu mtoto mwenye pua nyekundu, ilionyeshwa kwenye televisheni ya NBC ya Marekani Desemba 1964, vikaragosi vyake vikiwa vimepigwa picha Japani chini ya mtaalamu wa vikaragosi Tadahito Mochinaga. Mwendo wake ni wa kushtukashtuka, na hapo ndipo utamu ulipo: unaona kabisa kuwa kuna mkono wa mtu. Kisiwa cha midoli iliyokataliwa, penye bunduki ya maji inayotema jamu, ndicho kinachowakaa watu moyoni. Katika toleo la kwanza, Santa (Baba Krismasi) hakurudi kuichukua midoli hiyo. Watazamaji walilalamika, na mwaka uliofuata ikaongezwa sehemu ya kuiokoa. Walifanya vyema.

The Year Without a Santa Claus ya televisheni ya ABC, pia ya Marekani, 1974, ina hadithi legelege. Santa anaumwa mafua, anakata tamaa, basi. Lakini wakitokea ndugu wawili, Snow Miser na Heat Miser, mmoja wa baridi na mwingine wa joto, kila mmoja na wimbo wake, unasahau mengine yote. Wapo wanaoitazama kwa ajili yao tu, nami siwalaumu.

Kwa hadithi, nachagua Rudolph, ingawa Santa wake ni mkali kupita kiasi kwa kulungu mtoto. Kwa nyimbo, wale ndugu wanashinda bila jasho.