Kamera na sensa za kutafuta kutu kwenye chuma: ipi ununue kwanza na ipi isubiri

Kutu ina tabia mbaya moja, inaanzia pale macho yasipofika. Ndani ya bomba, chini ya tangi, nyuma ya bati la mlango wa gari, kwenye kona ambayo maji yakishaingia hayatoki. Ukiona rangi imevimba nje ujue huko ndani imeshakula siku nyingi. Ndo maana watu wanatafuta kifaa cha kuchungulia, afu wengi wananunua kisichowafaa kwa sababu wamehesabu pikseli tu, hawajajiuliza nataka kuona nini na mwanga utafikaje pale.

Maana hivi vifaa vyote vinafanya kazi kwa mwanga. Mwanga unagonga chuma, unarudi, sensa inausoma, basi. Kutu ya chuma ni ya kahawia-nyekundu kwa sababu inameza mwanga wa bluu na kuuachia mwekundu urudi, aluminiamu ikiliwa inatoa ungaunga mweupe, shaba inaenda kijani. Kwa hiyo taa ya kifaa ikiwa na rangi ya ajabu au ikimulika mpaka picha nzima inakuwa nyeupe, sensa hata iwe nzuri vipi haikusaidii.

Namba moja kwangu ni kamera ya waya, ile ya kichwa kidogo chenye taa za LED kukizunguka, unaichomeka kwenye simu au inakuja na kioo chake. Mtu anayekagua gari la mkononi, fundi bomba, mwenye tangi la maji, wote waanzie hapa. Vichwa vingi ni vya milimita 5.5 au 8. Cha 5.5 kinapita kwenye vile vitundu vya kutolea maji chini ya mlango, cha 8 ni kinene kidogo ila ndo mara nyingi unapata lenzi mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na hiyo ya ubavuni usiidharau hata kidogo kwa sababu ndani ya bomba kutu iko ukutani, na kamera ya mbele ukuta inauona kwa pembeni pembeni tu. Angalia pia umbali wa kuona vizuri, nyingi za bei ya chini fokasi yake haibadiliki, picha inakuwa safi kuanzia kama sentimita 3 mpaka 8, ukisogea zaidi ya hapo inakuwa ukungu. Waya uwe wa kukunjika na kubaki ulivyoukunja, ukiwa laini kama kamba utasukuma utachoka.

Ila kitu cha kwanza kabisa ni kitufe cha kupunguza taa. Kuna siku nachungulia fremu ya trela, taa iko juu mwisho, naona ukuta laini wa kahawia nikadhani ni kutu ya juu juu tu ya kupigwa brashi. Nikapunguza taa mpaka nusu nikageuza kichwa kikamulika kwa upande, vivuli vikatokea, na kumbe ule ukuta laini wote ni magamba yamepandiana kama ya samaki, mengine yameshanyanyuka kingo. Chuma kile kile, kamera ile ile, mwanga tu ndo umehamia upande. Toka siku hiyo kamera isiyopunguza taa siinunui wala simshauri mtu.

Kuhusu maji, IP67 maana yake inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ni maji hayo, siyo petroli. Tangi lenye mvuke wa mafuta usiingize kamera ya kawaida, hazijatengenezwa kwa hewa inayoweza kulipuka, hapo tafadhali sana.

Namba mbili ni hadubini ya USB. Hii ni ya vidondoa, yaani zile kutu za nukta nukta, hasa kwenye chuma cha pua ambapo mdomo wa shimo unakuwa kama umechomwa na sindano lakini ndani limetanuka. Ile 1000x iliyoandikwa kwenye boksi, yaani inakuza mara elfu, usiitegemee, weka rula mbele ya lenzi uhesabu milimita ngapi zinajaa kwenye skrini, hapo utajua ukweli. Nunua yenye stendi ya chuma, ya plastiki inatikisika mpaka unaacha kazi. Ikiwa na kichujio cha kukata mng'ao ongeza hela uichukue. Na jua kwamba inakuonyesha mdomo wa shimo, siyo kina.

Na hizi zote mbili zinaona pale tu mwanga unapopita. Daraja la Silver Bridge kule Marekani lilianguka tarehe 15 Desemba 1967 wakafa watu 46, chanzo ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi kwenye chuma kimoja cha kuning'iniza daraja, umejificha ndani ya kiungo ambapo hakuna jicho lingefika bila kukifungua. Kwa hiyo mtu akikuuzia kamera kwa maneno kwamba inaona kila kitu, muulize na chini ya rangi je?

Namba tatu ni skana ya leza, hii inapima kina cha shimo. Ni nzuri sana kwa wakaguzi wa mabomba, kwa mtu binafsi bora ukodi. Chuma kinachong'aa kinaichanganya mpaka ukipulizie unga mweupe, na kutu lazima uisugue kwanza, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, ukiskani bila kusafisha unaweza kupata kilima mahali ambapo kuna shimo.

Namba nne, sensa za faiba. Ni uzi wa kioo uliochorwa mistari midogo ndani, unarudisha rangi moja tu ya mwanga, na chuma kikivutika au zege likisukumwa na kutu ya nondo ile rangi inahama. Haina umeme ndani yake ndo maana inapendwa kwenye matangi ya mafuta. Shida ni joto, nyuzi 1 tu ya joto inahamisha rangi sawa na mvutano wa sehemu 8 hivi kwa milioni, kwa hiyo usikubali mfumo usio na faiba ya pembeni ya kupimia joto peke yake. Na ulizia mapema bei ya kisomeo, ile mashine ya kusoma hiyo rangi, uzi wenyewe siyo unaomaliza bajeti. Kwa daraja sawa, kwa geti la nyumbani hapana.

Ya mwisho nimeiweka kamera ya joto. Wengi wanaamini inaona ndani ya chuma, haioni. Bati linalong'aa kwake ni kioo, utaona joto la mwili wako mwenyewe limerudi. Inasaidia kidogo kwenye chuma kilichopakwa rangi ukikipasha moto, pale rangi ilipoachia panatofautiana. Kama unayo tayari itumie, kuinunua kwa ajili ya kutu tu hapana.

Unene uliobaki hakuna kati ya hizi za kuchungulia inayokuambia, kamera ikikuonyesha magamba tafuta kipimo cha mawimbi ya sauti au angalau gonga na nyundo usikilize.

Kifaa kikifika, chukua msumari wenye kutu, sugua nusu yake na msasa mpaka ung'ae, uusukume ndani ya kipande cha bomba halafu uchungulie. Kama hiyo nusu ya msasa inawaka nyeupe na nusu ya kutu ni weusi mtupu, na umeshazungusha taa juu chini haibadiliki, kirudishe siku hiyo hiyo.