Divai nyeupe ya kununua L'shi (Lubumbashi): anza na Chenin, lakini angalia mwaka

Mdogo wangu anaoa mwezi ujao, wiki yote ananiandikia, yaya, tununue divai gani nyeupe, mimi namjibu Chenin ya Afrika Kusini, yeye anakataa, eti ba mukwe watasema tumewapa kitu ya hapa karibu, tafuta ya Ufaransa. Basi acha niandike mara moja tumalizane.

Chenin Blanc yenyewe ni zabibu ya Ufaransa, ya bonde la mto Loire. Wakulima wa kule Rasi (Cape), Afrika Kusini, walikuwa wanaiita Steen miaka na miaka, mpaka miaka ya 1960 profesa mmoja wa chuo kikuu cha Stellenbosch akalinganisha majani, akakuta ni Chenin ile ile. Leo Afrika Kusini wanaipanda kuliko Ufaransa. Na chupa ya Rasi inapanda lori, inapita Zambia, inaingia mpakani Kasumbalesa, iko huku. Ya Ufaransa inavuka bahari kwanza, na wewe njo unalipa ile safari.

Kwangu ya kwanza ni Chenin changa isiyolala mu pipa la mbao, ya Swartland, sehemu moja ya kule Rasi, ukiipata. Kule ni kukavu, mizabibu mingi inaachwa kama vichaka bila kumwagiliwa, matunda yanakuwa machache lakini yana nguvu. Ukifungua inanukia mapera, yale mapera ya ku lupango kabisa, halafu kuko uchachu unaokata mafuta, kwa hiyo samaki thomson ya kukaanga na bukari (ugali) na pilipili inaenda nayo vizuri sana kuliko hiyo nyama ya kuchoma watu wanayolazimisha. Ukikuta imeandikwa Western Cape tu, ni kwamba zabibu zimekusanywa sehemu nyingi za jimbo, bei inashuka, sio mbaya.

Ya pili, msinicheke, boksi ya lita 5. Ndani kuko mfuko unaojikunja divai ikitoka, hewa haiingii, mu frigo inakaa karibu mwezi. Boksi moja ni glasi 33 hivi. Kwa sherehe hakuna hesabu inayoishinda, mimina tu mu jagi nzuri, hakuna mtu atauliza.

Ya tatu ni ile ya Stellenbosch iliyokaa mu pipa, nzito, ina kama asali na mkate wa kuchoma. Hii ni zawadi ya mukwe, au kuku na buyoga wakati wa mvua. Zingine shingoni zina kibandiko cha mizabibu ya zamani, kinaonyesha mwaka ilipandwa, na lazima ifikishe miaka 35. Mimi kila siku siiwezi, mfuko hauruhusu.

Ya nne Vouvray ya Ufaransa. Chenin pia, ila mara nyingi jina la zabibu haliko mbele ya chupa, wanaandika Vouvray tu, watu wanafikiri ni kitu ingine. Soma: sec ni kavu, demi-sec ina sukari kidogo, moelleux ni tamu. Wengi wanachukua bila kusoma halafu wanalalamika. Ni nzuri kweli, na inazeeka vizuri, lakini kwa bei hiyo utanunua ngapi?

Ya mwisho ni nyeupe tamu isiyo na jina la zabibu wala mwaka kwenye chupa. Acha.

Sasa mwaka. Kule Rasi wanavuna kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, na Chenin changa ya bei ndogo kunywa ndani ya miaka miwili mitatu. Mimi nilishachukua moja mu butiki fulani, imesimama dirishani jua lote la mwezi wa kumi, nafika nyumbani namimina, rangi ya chai ya rangi, harufu ya tofaa lililooza. Narudi, muuzaji ananiambia, "Mama, hiyo ni ya zamani, njo uzuri wake." Nilicheka na hasira yangu. Inua chupa kwenye mwanga: iwe njano hafifu. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu, joto lilishaipiga. Ya kufungua kwa kuzungusha haionyeshi alama hiyo, kwa hiyo omba ile ya nyuma dukani, sio ya dirishani.

Umeme ukikatika, ndoo, barafu, maji na konzi moja ya chumvi, dakika 20 imetosha.

Kwa mdogo wangu: wanaokunywa nyeupe tuseme 60, glasi mbili mbili, hizo 120. Boksi tatu, na chupa sita za Swartland kwa meza ya ba mukwe. Za Vouvray, pesa yake ongeza kwa kuku.