Msimu wangu wa saiklokrosi kwa baiskeli ya mlimani yenye gia moja

Nimemaliza mbio saba za saiklokrosi hapa Portland, Oregon, nikiwa juu ya baiskeli ya mlimani yenye gia moja tu. Nilichokiona ni hiki: kwenye tope inafanya kazi kuliko nilivyotegemea, kwenye ardhi kavu na tambarare unaachwa, na kinachoamua siku yako itakuwaje ni idadi ya meno ya kigurudumu cha mnyororo ulichofunga nyuma kabla hujatoka nyumbani.

Kwa asiyezijua mbio hizi, ni mzunguko mfupi, kilomita mbili unusu hadi tatu unusu, unaopita kwenye nyasi, mchanga, tope na vilima vifupi vikali. Unauzunguka tena na tena mpaka muda uishe. Daraja langu ni dakika 45. Njiani kuna mbao mbili zilizosimamishwa, kimo kama sentimita 40. Wengi wetu hushuka mbio, tunanyanyua baiskeli, tunaruka, tunadandia tena. Kanuni za kimataifa za UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, zinataka tairi isizidi milimita 33, lakini mbio zetu za wikendi zinaruhusu baiskeli za mlimani, kwa hiyo mimi natumia tairi za inchi 2.1, yaani kama milimita 53.

Baiskeli yenyewe niliinunua mkononi kwa mtu: fremu ya chuma, foki ngumu isiyo na springi, magurudumu ya inchi 29, breki za diski. Ina kilo 11.8, wakati nyingi ninazoshindana nazo zina kilo 8 au 9. Gia moja haikunitisha. Nimekulia Shinyanga, nikijifunza kwenye Phoenix ya mjomba iliyokuwa ikibeba magunia ya mkaa, na huko mtu alikuwa hajui kwamba kuna baiskeli ya namna nyingine. Ila mjomba hakuwa na haraka, na mlima ukimshinda alishuka akakokota. Hapa nyuma yako kuna watu hamsini.

Sasa meno. Mbele nina 32. Mwanzo nilifunga 18 nyuma, na kwa gurudumu langu pedali ikizunguka mara moja nasogea kama mita 4.1. Siku kavu ya mwanzo wa Oktoba ilikuwa raha. Wiki tatu baadaye mvua ikaanza, nyasi zikawa uji, na kila kona miguu ikawa inasukuma ukuta. Nilimaliza goti likiniuma. Nikabadilisha, nikaweka meno 20, mita 3.7 kwa mzunguko, na mbio zikawa zingine kabisa. Hasara yake ni barabara iliyonyooka: hata nikizungusha mara 100 kwa dakika, miguu ikienda kama cherehani, sipiti kilomita 22 kwa saa. Hapo wenye gia wananipita na sina la kuwafanya. Napumzika, nawasubiri kwenye tope.

Na kwenye tope nawapata kweli. Udongo uliochanganyika na nyasi hujiviringisha kwenye ule mkono mdogo wa kubadilishia gia, mnyororo unaruka, na nimeshaona mkono umekatika ukaingia kwenye spoki. Wenye uwezo wanaleta baiskeli ya pili, wanabadilishana katikati ya mbio huku ya kwanza ikioshwa. Mimi sina mkono huo. Mnyororo wangu unapita juu ya vipande viwili tu vya meno, na siku ile mbaya ya Novemba nilifika mwisho bila kugusa chochote. Ukiwa na baiskeli moja na pesa ya kuhesabu, jambo hilo peke yake linatosha kunishawishi.

Usukani mpana umenisaidia kuliko kitu chochote kwenye kilima. Unasimama, unauvuta, kifua kinafunguka, gurudumu linang'ata. Kwenye kamba nyembamba za kona lazima uwe mwangalifu, maana ncha ya usukani inaweza kunasa. Upepo wa tairi najaza kidogo: PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 20 mbele, 22 nyuma, bila tyubu, na mimi nina kilo 74. Panapoteleza, tofauti ya PSI mbili unaisikia.

Kubeba ndiko kunakochosha. Fremu ya mlimani bomba lake la juu limeinama, nafasi ya kupitisha bega ni ndogo, na skrubu za kushikia chupa zinachoma mbavu. Niliziondoa, nikafunika matundu kwa utepe. Kwenye mbao sihangaiki na bega, nashika bomba kwa mkono naruka. Lakini kilima cha kukimbia kwa miguu, kilo zile tatu za ziada nazijua moja moja.

Mbio moja niliipoteza kwa kosa ambalo ningeliepuka. Baiskeli ya gia moja haina springi ya kukaza mnyororo. Ekseli ya nyuma ikisogea, umekwisha. Duka nililopeleka gurudumu lilifunga nati bila kukaza vya kutosha, nami sikukagua. Mlimani nikakanyaga kwa nguvu, ekseli ikavutwa mbele upande wa kulia, tairi likasugua fremu, mnyororo ukaanguka. Nilikokota hadi mwisho. Jioni ile nikafunga skrubu za kuvutia ekseli nyuma, vile vidude vidogo ambavyo Phoenix ya mjomba ilikuwa navyo pande zote mbili. Haijasogea tena.

Kama unatafuta pointi za kupanda daraja, chukua baiskeli ya saiklokrosi yenye gia zake. Kama unakaa penye mvua, una baiskeli moja, na unataka kukimbia kila wikendi bila kumtembelea fundi kila Jumatatu, nunua hii, na usiondoke dukani bila magurudumu mawili ya meno ya akiba, la meno 18 na la 20. Yangu nayabadilisha Jumamosi usiku, baada ya kwenda kukanyaga nyasi za uwanja kwa mguu. Wiki hii zimeanza kukauka juu, chini bado laini. Nimeazima la 19.